Nani Aliistaafisha ifconfig?

Debian 9 ilipotolewa tarehe 17 Juni 2017, maelezo ya toleo hilo yalikuwa na kifungu kifupi ambacho wengi walikiruka. Kilisema kwamba kifurushi cha net-tools kinaelekea kustaafishwa, na kwamba mifumo mipya isitegemee kukikuta. Watumiaji wahamie iproute2. Ndani ya kifurushi hicho mlikuwa na ifconfig, route, netstat na arp, amri ambazo fundi wa mitandao alizijua kabla hajajua kitu kingine chochote. Miezi iliyofuata, seva mpya ikiwashwa na mtu akaandika ifconfig ili atazame anwani yake, alijibiwa kwamba amri haikupatikana. Maelezo ya aina mbili yakaenea haraka. Ya kwanza yalisema kuwa amri hizi zimezeeka, na kilichozeeka huondolewa. Ya pili yalisema kuwa waandishi wa programu wa siku hizi hawawezi kukiona kitu kinachofanya kazi wasikibomoe. Yote mawili, nadhani, yanakosea. Uzee hauwezi kuwa sababu, maana ifconfig ingali hai na inazidi kukua katika FreeBSD na OpenBSD, kwa jina lile lile la mwaka 1983. Tamaa ya kubomoa nayo haiwezi kuwa sababu, maana mbadala ulikuwa umekwisha kuandikwa tangu 1999, miaka kumi na minane kabla Debian haijachukua hatua. Ukiifuata historia yenyewe unakuta jambo jingine: kwenye Linux, chombo na kerneli vilikuja kuwa mikononi mwa watu tofauti, kerneli ikasonga mbele, chombo kikabaki nyuma, mpaka kikawa kinampa fundi habari pungufu bila kumwonya. Aliyeiondoa mwaka 2017 alizika tu kilichokuwa kimekufa zamani.

Amri hizi zilizaliwa Berkeley, katika Chuo Kikuu cha California, ambako kikundi cha utafiti wa mifumo ya kompyuta kilikuwa kikifadhiliwa na DARPA, wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ili kiingize TCP/IP ndani ya Unix. Wakati ulikuwa mwafaka. Tarehe 1 Januari 1983 ARPANET iliachana na itifaki yake ya zamani, NCP, ikahamia TCP/IP, na Agosti ya mwaka huo 4.2BSD ikatoka ikiwa na ifconfig, route na netstat. (Desemba, Mike Muuss, aliyekuwa mtumishi wa maabara ya utafiti wa silaha ya Jeshi la Marekani huko Maryland, akaandika ping, ambayo mpaka leo ingali ikitumika kwa jina lile lile.) Kompyuta za wakati ule zilizounganishwa na mtandao kwa kawaida zilikuwa na kadi moja ya mtandao, kadi ilikuwa na anwani moja, na anwani yenyewe ilitosha kueleza ukubwa wa mtandao wake: ikianza na 10 ni ya daraja A, ikianza na 192 ni ya daraja C, hakuna la kuuliza zaidi. Muundo wa data ambao ifconfig iliutumia kuzungumza na kerneli, uitwao ifreq, ulibeba jina la kadi lisilozidi herufi kumi na tano, na ubavuni mwake nafasi ya anwani moja. Huo haukuwa uzembe wa wabunifu. Ndivyo mtandao ulivyokuwa. La msingi zaidi ni kwamba msimbo wa ifconfig na msimbo wa kerneli vilikaa ghala moja na kutolewa siku moja, kwa hiyo aliyegusa kimoja hakuwa na pa kujificha kingine kikivunjika.

Linux iliyarithi majina na sura ya amri hizo bila kuurithi utaratibu huo wa kuishi pamoja. Linus Torvalds alitangaza kerneli yake mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na toleo la 1.0 lilitoka Machi 1994 likiwa na uwezo kamili wa TCP/IP. Wakati wa mwanzo kabisa pengo halikuonekana, kwa kuwa Fred van Kempen, mmoja wa walioandika sehemu ya mtandao ndani ya kerneli, ndiye huyo huyo aliyeandika ifconfig ya Linux na kuanzisha net-tools. Mkono uliotengeneza injini ndio uliochora dashibodi. Lakini Linux ilikuwa kerneli peke yake. Kila kilichobaki kilitoka kwa watu wengine na kukusanywa na watengenezaji wa distro. Van Kempen akaondoka, Alan Cox akaushika msimbo wa mtandao wa kerneli, na net-tools ikapita mikononi mwa wengine, Bernd Eckenfels akiwa miongoni mwao, kila mmoja akiitunza kwa muda wake wa ziada. Hakuna aliyeamua kwamba viwili hivi vitengane. Vilitengana kwa sababu hapakuwa na mahali ambapo vingelazimika kukutana.

Kisha mwaka 1999 ukafika, na kwa maoni yangu ndio mwaka unaostahili kuandikwa kwenye cheti cha kifo. Kerneli 2.2 ilitoka Januari ikiwa na msimbo wa mtandao uliofanyiwa kazi kubwa na Mrusi Alexey Kuznetsov. Badala ya kupeana na programu muundo mgumu wenye nafasi ya anwani moja, kerneli sasa iliweza kuzungumza kwa netlink, yaani kwa ujumbe wa urefu wowote unaopita kwenye soketi, ambao unaweza kuongezwa sehemu mpya bila kuvunja za zamani, na ambao kerneli yenyewe inaweza kuutuma bila kuulizwa, kwa mfano kebo inapochomolewa. Kadi moja iliweza kuwa na anwani nyingi. Jedwali la njia halikuwa moja tena. Yaliweza kuwa mengi, na pakiti ikachaguliwa jedwali kwa kuangalia ilikotoka, pamoja na inakokwenda. Kuznetsov akaandika pia chombo cha kuyaendesha haya yote, iproute2, chenye amri ip na tc. Ukitazama vizuri, alichokifanya ni kuurudisha mtindo wa Berkeley: mtu mmoja, kerneli na chombo pamoja. Mtindo huo ukadumu hata baada yake, kwani chini ya Stephen Hemminger iproute2 ilizoea kutolewa kwa kufuata hatua za kerneli, mpaka namba za matoleo zikawa zinalingana. Wakati huo huo net-tools ilifika toleo la 1.60 mwaka 2001, halafu kwa zaidi ya muongo mmoja toleo jingine halikuonekana.

Hapa ndipo Linux ilipokuwa na tatizo ambalo Berkeley haikuwahi kuwa nalo. Torvalds ana kanuni aliyoishikilia kwa ukali: kerneli mpya isivunje programu iliyokuwa ikifanya kazi kwenye kerneli ya jana. Kwa hiyo njia ya zamani haikufungwa. Iliachwa wazi kando ya mpya, na ifconfig ikaendelea kupita humo kana kwamba hakuna kilichotokea. Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa karibu. Seva ina kadi eth0 yenye anwani 192.168.1.10. Mtu anaongeza ya pili kwa kuandika ip addr add 192.168.1.11/24 dev eth0. Kerneli inaipokea, seva inaanza kujibu pakiti zinazotumwa kwa anwani hiyo mpya, na yeyote aliye kwenye mtandao huo anaifikia. Sasa andika ifconfig eth0. Unaonyeshwa 192.168.1.10 peke yake. Hakuna kosa lililotajwa wala dokezo kwamba kuna kingine kilichoachwa. Anwani ya pili itaonekana tu ikiwa aliyeiweka aliipa lebo ya mtindo wa zamani, eth0:1, kwa ajili ya kuihurumia ifconfig. Fundi anayekagua mashine anayoishuku kuwa imevamiwa, akiitegemea ifconfig, anasaini ripoti yenye shimo, na shimo hilo halikutokana na hila ya mvamizi yeyote. Chombo kinachokataa kufanya kazi kina heri kuliko kile kinachokubali na kutoa nusu ya jibu.

Mtu anaweza kusema kwamba haya ni ya wachache wanaoweka anwani mbilimbili, na kwamba kwa kazi ya kila siku tofauti iko kwenye herufi tu: hapa unaandika ifconfig, pale unaandika ip a, na maisha yanaendelea. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na taabu ya mazoea haya ni kwamba herufi zinahama huku maana haihami. Ukiandika ifconfig eth0 10.0.0.5, amri hiyo moja inafanya mambo matatu: inaifuta anwani iliyokuwapo na kuweka hii, inaiwasha kadi, na kwa kuwa hukutaja ukubwa wa mtandao, inachukulia kuwa ni daraja A na kukupa mtandao wa anwani zaidi ya milioni kumi na sita. Ukiandika ip addr add 10.0.0.5 dev eth0, anwani ya zamani inabaki palepale na mpya inakaa kando yake. Kadi haiwashwi mpaka uandike ip link set eth0 up. Na kwa kuwa hukutaja ukubwa, unapata /32, yaani mtandao wenye anwani moja tu, yako mwenyewe, usioweza kumfikia jirani. Mafundi wengi wamekwama hapo wakailaani ip. Lakini madaraja A, B na C yalifutwa kwa CIDR mwaka 1993. Amri iliyokuwa ikiyakisia bado mwaka 2017 ndiyo iliyokuwa na kasoro, na ip inakataa kukisia kwa makusudi. Nyuma ya herufi hizo kuna mitazamo miwili ya mtandao. Katika ule wa 1983 kadi na anwani ni kitu kimoja. Katika ule wa 1999 kadi, anwani na njia ni vitu vitatu, na ndiyo maana kuna ip link, ip addr na ip route.

Kwa netstat habari ni nyepesi zaidi, nami sitaikawiza. Kwenye Linux ilizipata taarifa zake kwa kusoma faili za maandishi zilizoko /proc/net, ambazo kerneli huziandaa upya kila zinapofunguliwa. Kwenye mashine yenye miunganisho mia hilo halina neno. Kwenye seva yenye makumi ya maelfu, kerneli inageuza kila muunganisho kuwa maandishi ili netstat iyageuze tena kuwa namba, na unasubiri. Mrithi wake, ss, anaiuliza kerneli kwa netlink na anaweza kuomba aina fulani tu ya miunganisho. Aliyeitengeneza alikuwa na busara ya kuziacha herufi nyingi za vichaguzi zilivyokuwa, hivyo aliyezoea netstat -tulpn anaandika ss -tulpn na vidole havigomi. Ndiyo sababu, nadhani, malalamiko juu ya netstat yalikuwa machache na yale juu ya ifconfig hayakwisha.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa watu wa BSD, na halistahili kujibiwa kwa mkato. Wao husema: kama shida ilikuwa anwani nyingi, mbona sisi tuliitatua bila kubadili jina? Ni kweli. Ifconfig ya BSD ilipata neno alias la kuongezea anwani, na baada ya hapo ikazidi kupanuka: kwenye FreeBSD ya leo amri hiyo hiyo inasanidi mtandao wa Wi-Fi, inaunda VLAN na inaunganisha kadi kuwa daraja (bridge). Kwenye Linux kila moja ya kazi hizo ilizaliwa na amri yake, iwconfig kwa Wi-Fi, vconfig kwa VLAN, brctl kwa daraja, na zote tatu nazo zimepitwa na nyingine. Waafrika Mashariki kadhaa wa fani hii wameuonja mgawanyiko huu moja kwa moja. Mafunzo ya AfNOG, kikundi cha waendeshaji wa mitandao barani Afrika, yaliyoanzia Cape Town mwaka 2000 na kufanyika Nairobi mwaka 2006 na Dar es Salaam mwaka 2011, yalitumia FreeBSD kwa miaka mingi. Aliyejifunza ifconfig pale akaajiriwa kwenye seva za Linux alikuta jina analolijua likiwa na tabia asiyoijua. Kwa hiyo nakubali: hakuna sheria ya ufundi iliyolazimisha jina life. Ila jibu la watu wa BSD linaithibitisha hoja yangu kuliko kuipinga. Waliweza kuirekebisha kwa sababu kwao ifconfig imo katika ghala moja na kerneli, na anayeongeza uwezo mpya kwenye kerneli anatarajiwa kuleta pia neno la kuuendesha. Kwenye Linux, Kuznetsov angelazimika kuwashawishi watunzaji wa kifurushi ambacho si chake wakiandike upya, na hata wangekubali, wangekutana na kizuizi kingine ambacho hakuna aliyekipanga: maandishi ambayo ifconfig iliyachapa kwenye skrini yalikuwa yamekwisha kugeuka mkataba.

Mkataba huo unastahili kuelezwa, maana ndio uliowaumiza watu zaidi ya kuondolewa kwa amri yenyewe. Ifconfig ya zamani ya Linux ilichapa mstari wenye maneno inet addr:192.168.1.10, na maelfu ya skripti duniani yaliishi kwa kuukata mstari huo. Mtindo uliozoeleka ulikuwa ifconfig eth0 | grep 'inet addr:' | cut -d: -f2, kisha awk ya kusafisha kilichobaki. Hakuna mwongozo uliowahi kuahidi kwamba mstari utabaki hivyo. Tena dalili za hatari zilikuwapo mapema: net-tools ilitafsiriwa, na kwenye kompyuta iliyowekwa Kijerumani mstari ulisomeka inet Adresse: na skripti iliyotegemea Kiingereza ikarudi mikono mitupu. Halafu msimbo wa net-tools ulipoamshwa tena, sura ya matokeo ikabadilishwa ifanane na ya BSD. Sasa mstari ulianza na inet 192.168.1.10, ukifuatwa na netmask, bila addr na bila nukta mbili. Toleo hilo likaingia Red Hat Enterprise Linux 7 mwaka 2014 na Debian 9 mwaka 2017. Matokeo yake ni kinyume cha matarajio ya waliokimbilia kuisakinisha net-tools upya ili skripti zao zipone: amri ilirudi, skripti hazikupona. Grep haikupata kitu, cut ikapokea tupu, na skripti ikaendelea hadi mwisho ikiwa imeshika anwani isiyo na herufi hata moja, pengine ikaiandika kwenye faili la usanidi. Wanaosema kwamba ingetosha kuiacha ifconfig mahali pake wanasahau kwamba ifconfig waliyoitaka haikuwapo tena hata pale ambapo ifconfig ilikuwapo.

Kuondoka kwenyewe kulikuwa kwa kujikokota. Ndani ya Debian mjadala uliletwa hadharani mwaka 2009. Arch Linux ikatangaza mwaka 2011 kuwa inaiacha net-tools. Red Hat ikafuata 2014, Debian 2017, Ubuntu 18.04 Aprili 2018. Kukawia huko ndiko ninakokulaumu, kuliko uamuzi wenyewe. Kwa miaka hiyo yote ukurasa wa mwongozo wa ifconfig kwenye Linux ulikuwa ukisema kuwa programu hii imepitwa na wakati, lakini nani husoma mwongozo wa amri anayoijua? Vitabu viliendelea kufundisha kwa ifconfig, walimu wakaendelea, majibu ya mafundi kwa mafundi yakaendelea. Na ilipofika siku ya kuondoka, haikuondoka kwa utaratibu ambao mtu angeutegemea. Aliyesasisha mashine yake ya zamani kutoka Debian 8 kwenda 9 kwa kawaida alibaki na net-tools, kwa kuwa kifurushi kilichokwisha kusakinishwa hakikung'olewa. Aliyesakinisha upya ndiye aliyeikosa. Kwa hiyo seva mbili za toleo lile lile, ofisi moja, zilijibu tofauti, na mtu akatafuta kosa kwenye mashine badala ya kulitafuta kwenye historia yake. Ubaya zaidi, chombo cha kutibu mtandao kilikosekana mahali ambapo kukipata kunahitaji mtandao: ukiambiwa andika apt install net-tools wakati kadi haina anwani, umeambiwa uvuke mto ili ukachukue mtumbwi. Na katika kipindi hicho hicho systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za mfumo, ilikuwa imeleta, kuanzia toleo la 197 la Januari 2013, majina mapya ya kadi yanayotokana na mahali ilipochomekwa, hivyo eth0 ikawa enp3s0 au kitu cha namna hiyo. Mabadiliko mawili yasiyohusiana yalimfikia fundi kwa siku moja, naye akayahesabu kuwa ni kosa moja la watu wamoja. Hasira nyingi zilizomwagiwa iproute2 zilikuwa deni la systemd.

Ili kupima kama kulikuwa na njia bora, ni vizuri kutazama majirani wa ifconfig waliopita kwenye tanuru hilo hilo. Nslookup, ya kuuliza majina ya DNS, iliwekewa onyo na waandishi wa BIND 9, programu ya seva ya DNS, kwamba itaondolewa na watu watumie dig au host. Watumiaji hawakuhama, na mwaka 2004, kwa BIND 9.3, onyo likafutwa na nslookup ikapewa uhai kamili. Msamaha huo uliwezekana kwa sababu waliotaka kuizika ndio waliokuwa wakiitunza. Hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa. Ukuta wa moto wa Linux nao una historia ya namna mbili. Kerneli 2.0 ilikuwa na ipfwadm, 2.2 ikawa na ipchains, 2.4 ya Januari 2001 ikaja na iptables ya Rusty Russell na wenzake. Amri tatu ndani ya takriban miaka mitano, kila moja na sarufi yake, na kwa kuwa njia za zamani ziliachwa kwa muda mfupi tu kisha zikafungwa, watu walijifunza upya na yakaisha. Kisha nftables ilipoingia kwenye kerneli 3.13 mwaka 2014, mbinu ikawa nyingine: jina iptables likabakizwa, sarufi ikabakizwa, injini ndiyo iliyobadilishwa chini yake, na Debian 10 ya Julai 2019 ikaifanya hali hiyo kuwa ya kawaida. Mafundi wengi wanaandika iptables leo bila kujua kwamba wanaiamuru nftables.

Kwa nini basi ifconfig haikufanyiwa kama iptables, jina la zamani juu ya injini mpya? Swali hili linaulizwa kana kwamba jibu lake ni aibu kwa watu wa Linux, nami nadhani halina aibu. Sarufi ya iptables iliweza kuubeba mzigo mpya, kwa kuwa kanuni ya ukuta wa moto ya 2001 na ya 2019 ni kitu cha aina moja. Sarufi ya ifconfig ya Linux isingeweza bila kuvunja maana ambazo skripti zilizitegemea. Amri iliyozoeleka kuwa inabadili anwani ingefanywaje iongeze? Ingeonyeshaje anwani saba za kadi moja katika sura ambayo kila msomaji aliijua kuwa na mstari mmoja wa inet? Ungebakiza jina na kupoteza tabia, na jina lenye tabia ngeni ni mtego kuliko jina jipya. BSD iliweza kwa sababu ilifanya hivyo mapema na hatua kwa hatua, wakati skripti zilikuwa chache. Linux ilikuwa imechelewa kwa kiasi ambacho kuanza na jina jipya lilikuwa jambo la uungwana. Nisichoweza kuukubali ni uamuzi wa kuziacha njia mbili wazi kwa miaka kumi na minane bila ifconfig yenyewe kumwambia mtumiaji, pale pale kwenye skrini, kwamba kuna anwani ambazo haiwezi kumwonyesha. Mstari mmoja wa onyo uliopangwa vizuri, wa namna ile nslookup iliyokuwa nao, ungewafunza watu zaidi ya mijadala yote iliyofuata.

Linabaki pingamizi la vitendo: kama net-tools bado inasakinishwa kwa amri moja, kelele zote za nini? Kwa kweli ifconfig haijatoweka. BusyBox, inayoendesha rauta nyingi ndogo za majumbani pamoja na OpenWrt, ingali na ifconfig yake. Toybox ndani ya Android nayo inayo. Anayehudumia vifaa hivyo atafanya vibaya kuisahau, na mtihani wa LPIC-1 katika toleo lake la 5 umeweka mizani ambayo naiona sawa: mtahiniwa aifanyie kazi iproute2, na net-tools awe na ufahamu nayo. Lakini kuisakinisha kwenye seva mpya ya Linux ili kuepuka kujifunza ip ni kununua tena ile picha pungufu. Kwa skripti sababu ni kubwa zaidi. Ip ya miaka ya karibuni ina kichaguzi -j kinachotoa matokeo katika JSON, ambamo kila taarifa ina jina lake na haitegemei nafasi wala nukta mbili. Hiyo ni sura iliyokusudiwa kusomwa na programu. Anayeandika leo skripti ya kukata maandishi ya ip addr kwa grep na cut anaandaa upya msiba wa inet addr:, safari hii akiwa na njia nyingine mkononi.

Na kwenye kontena mjadala wa ifconfig na ip hauna hata pa kuanzia. Taswira rasmi ya Debian inayotumiwa na Docker haina ifconfig, haina ip, haina ss, haina hata ping, kwa sababu kila kilobaiti kinahesabiwa. Anayetaka kujua ni mlango gani uko wazi humo ndani analazimika kuandika cat /proc/net/tcp na kusoma mwenyewe kitu kama 0100007F:1F90, ambacho ni 127.0.0.1 iliyoandikwa kwa hesabu ya kumi na sita, baiti ya mwisho ikitangulia, ikifuatiwa na mlango wa 8080. Ni faili lile lile netstat ililokuwa ikilisoma kwa niaba yake. Nyaraka za kerneli zimekwisha kulitaja nalo kuwa limepitwa na wakati, kwamba tcp_diag, njia ya netlink ambayo ss huitumia, ndiyo ya kutumia, na kanuni ya Torvalds ingali inalizuia lisiondolewe.